Chai Iliyokutwa na Malaria

Uongozi wa kitengo cha uchambuzi wa data unasikitika kutangaza kwamba kikombe cha bluu chenye mpini uliokatika, ambacho hakuna aliyewahi kuthubutu kukinywea, kitaondoka jengoni Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Kinaondoka na mwenyewe, anayestaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi.

Sote tunamwita Shangazi, akiwemo Mkurugenzi, ambaye kwa umri ni kaka yake. Alianza kama mpimaji wa damu maabara ya chini, akasomea takwimu jioni, akapanda ghorofa kwa ghorofa hadi kuwa mkuu wa kitengo kinachofundisha kompyuta kutambua maradhi. Hakupanda kwa lifti. Lifti yetu mnaijua.

Jina lake lilikua mwaka ule wa mtambo wa malaria. Tulikuwa tumeionyesha kompyuta maelfu ya picha za damu, za wagonjwa na za wazima, nayo ikawa inazitenganisha bila kukosea. Wageni wakaalikwa, viti vikakodiwa. Mtambo ulikuwa unakwenda kwenye zahanati zisizo na mpimaji, ambako neno lake lingekuwa la mwisho. Wengine tulishapiga pasi mashati. Shangazi peke yake alinuna. Alituambia kwamba mwanafunzi asiyekosa hata swali moja, ama ana akili sana, ama ameyaona majibu.

Akadondosha tone la chai kwenye kioo safi, akakiweka chini ya hadubini ya dirishani, akapiga picha na kuipa kompyuta. Ikajibu bila kusita: malaria.

Kumbe damu zote za wagonjwa zilipigwa picha kwenye hadubini hiyo, yenye taa ya manjano, na za wazima kwenye ile ya maabara ya chini, yenye taa nyeupe. Kompyuta haikuwa imejifunza malaria. Ilikuwa imejifunza taa. Mgonjwa yeyote ambaye angepimwa kwenye taa nyeupe angeambiwa ni mzima, arudi nyumbani na homa yake.

Mkurugenzi alimkumbusha, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuandika hotuba, kwamba wageni wako njiani.

"Waje tu, kaka, chai ipo," Shangazi alimjibu. "Ila mtambo hautoki humu."

Haukutoka. Tulirudia picha zote, kila kioo chini ya taa zote mbili, karibu miaka miwili. Kuna walioomba uhamisho, kuna walioomba Mungu. Yeye alifika kila asubuhi kabla ya mlinzi kumaliza kufungua, akasema neno lake lilelile, mpaka kieleweke, akakaa. Usahihi ulishuka kutoka asilimia mia moja hadi tisini na tatu, na hiyo ndiyo siku pekee tuliyomwona akicheka kwa sauti. Mtambo huo sasa uko kazini, na wapo watu wanaotembea leo kwa sababu ulichelewa.

Kiwanda kimoja nacho kikamwazima. Huko kompyuta ilifundishwa kusikiliza mota na kutabiri beringi itakayokufa. Alisikiliza zile sauti siku nzima, kisha akaomba fundi mkuu aache kupiga mluzi. Utabiri wote ukakoma. Fundi alikuwa akipiga mluzi kila anaporekodi mota mbovu, na kompyuta ilikuwa imejifunza wimbo wake.

Tangu hapo hakuna mtambo unaotoka kitengoni bila kuonjeshwa chai. Vijana wanalalamika, na kweli kipya kinyemi, lakini wanaonjesha. Mume wake, fundi cherehani, ametuomba kwa siri tumtafutie mkewe kazi ndogo ndogo, kwani ameanza kumuuliza anajuaje kwamba futi yake inasema kweli.

Shangazi, asante kwa ubishi wako. Umetuchelewesha sana, na kila mara kwa faida ya mtu ambaye hatutamjua. Nenda ukapumzike, ujaliwe afya na wajukuu, na chai yako iwe nzima siku zote.

Wageni waalikwa wazingatie badiliko moja la ratiba: uzinduzi wa mtambo mpya wa kifua kikuu, uliopangwa saa tisa alasiri kama zawadi ya kumuaga, umeahirishwa. Jana mchana alipita kitengoni na kikombe chake.