Sahihisho la Ukurasa wa Tatu

Wachungaji, wazee wa pande zote mbili, Mama yetu Rosaline, shemeji Kigen na watoto, majirani wa hapa Endebess, nanyi mliotoka Sirisia, Bungoma na Kitale tangu alfajiri, mimi ni Job Khisa Wepukhulu, mdogo wake marehemu, nimepewa jukumu la kuwasomea historia ya dada yangu, na kabla sijaanza naomba kila mwenye kijitabu cha mazishi afungue ukurasa wa tatu na aweke kidole hapo, kwa sababu ukurasa huo una kosa, kosa hilo ni langu, na tutalifikia.

Daktari Phelista Nangekhe Kigen alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 karibu na soko la Sirisia, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa hayati Mzee Wepukhulu na Mama Rosaline. Alisoma shule ya msingi hapo nyumbani kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari Bungoma mpaka kidato cha sita mwaka 1987, kisha akajiunga na chuo kikuu Nairobi mwaka 1988 na kuhitimu shahada ya kilimo mwaka 1991. Akiwa darasa la sita alikuwa ndiye msomaji wa barua wa kijiji, wamama wasiojua kusoma walimletea barua za watoto wao walioko mbali, na hata alipobembelezwa na majirani aruke habari mbaya alikataa kuruka, alisoma yote jinsi ilivyoandikwa, halafu akakaa na mwenye barua mpaka machozi yakauke, hata kama kuni zilikuwa zinamngoja.

Tarehe 6 Aprili 1992 aliajiriwa kama mtafiti wa mahindi Kitale, akapata shahada ya uzamifu mwaka 2006, na Januari 2008 akateuliwa kuwa mhariri wa Jarida la Mbegu na Udongo, jarida dogo la wasomi wa kilimo lililokuwa na chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Kila makala iliyoingia humo ilisomwa na watu wawili wasiomjua mwandishi, na palipokuwa na neno lisilo na ushahidi, Dada aliandika pembeni kwa penseli, "Nani amekuambia?" Alishika pia sheria moja ambayo hakuivunjia mtu yeyote, kwamba kosa likishachapwa halifichwi wala halichomwi, linaandikiwa sahihisho katika jarida lile lile, mbele ya wasomaji wale wale.

Hapo kwenye kazi ndipo penye ukurasa wa tatu, lakini niruhusuni nipitie ndoa kwanza, si kwa utaratibu, ni kwa woga.

Jumamosi tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na Kiplagat Kigen, mkulima wa hapa Endebess, baada ya uchumba wa barua wa miaka miwili, na shemeji ameniruhusu niseme kwamba barua yake ya kwanza, aliyomwandikia kuwa hakuna msichana mzuri kama yeye Trans Nzoia nzima, ilirudi na alama ya penseli pembeni, "Nani amekuambia? Umewaona wote?" Shemeji hakukata tamaa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Jerop, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1996, na Tonny, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1999.

Sasa ukurasa wa tatu. Mstari wa sita unasema kwamba marehemu aliacha uhariri mwaka 2019 kwa sababu za kiafya. Dada aliacha agizo kwamba historia yake isisomwe kabla haijapitiwa na watu wawili, mmoja aliyefanya kazi naye na mmoja ambaye makala zake alizikataa, lakini mimi kwa haraka zangu nilikipeleka kijitabu Bungoma kikachapwa Jumatatu, na Alhamisi ndipo Linah, aliyekuwa karani wake, na Mwalimu Kimaiyo, aliyekataliwa makala mara nne na leo amekaa pale analia kuliko sisi, waliporudisha nakala zao. Hawakuwa wameshauriana, na wote wawili walikuwa wamezungushia mstari huo huo, wakaandika pembeni, "Nani amekuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Niliutunga mwenyewe, na haukuwa uongo wangu wa kwanza.

Mwaka 2017, nikiwa mwalimu wa chuo kimoja Bungoma na nikitamani sana kupanda cheo, nilianza utafiti wa jinsi wakulima mia moja na ishirini wa Sirisia wanavyohifadhi mbegu, nikatembelea arubaini na mmoja, mvua ikaniudhi, na wale sabini na tisa waliobaki nikawajaza mwenyewe, nyumbani kwangu, kwenye meza ya chakula. Makala ilipofika kwenye jarida Dada alijitoa, akasema hawezi kumpima ndugu yake, wakaisoma wengine, ikapita, ikachapwa Aprili 2018. Miezi mitatu baadaye afisa mmoja wa kilimo aliandika kuuliza ni wakulima gani hao, kamati ya jarida ikaagiza fomu zangu za utafiti, na walipozitandaza mezani, arubaini na moja zilikuwa na kunjo, vumbi na madoa ya chai, na sabini na tisa zilikuwa safi, zimenyooka, kalamu moja, bila kunjo hata moja. Novemba 2018 makala iliondolewa, na tangazo lilikuwa na sahihi ya Dada kwa sababu ndiye aliyekuwa mhariri.

Jumamosi tarehe 29 Desemba 2018, kwenye sherehe ya kumpongeza Jerop kwa kuhitimu, nilishika kipaza sauti katika ua huu huu, hatua chache kutoka lilipo jeneza, na wengi wenu mlikuwepo, nikasema kwamba dada yangu ameniharibia jina kwa sababu ya ugomvi wa shamba la baba. Hakukuwa na ugomvi wowote wa shamba. Mlinipigia makofi, nikaenda mbali zaidi nikaliandikia jarida barua yenye maneno hayo hayo, Dada akasimamishwa Januari 2019, akachunguzwa miezi minane, akaonekana hana hatia, lakini hakurudi tena kwenye kile chumba, kwa sababu Mama aliniamini mimi, na Dada alisema hawezi kuhariri dunia ilhali nyumbani kwa mama yake hapikiwi chai. Alikuwa mzima wa afya, hakuumwa hata kichwa. Kwa miaka mitano hatukusalimiana, naye katika miaka hiyo yote hakumwambia mtu hata mmoja wa ukoo wetu idadi ya zile fomu.

Februari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo na akaanza matibabu Eldoret. Tarehe 3 Juni mwaka huo nilipokea bahasha kutoka kwake, hakukuwa na barua ndani, zilikuwa fomu tu, hazijajazwa, nikazihesabu mara mbili, sabini na tisa. Nililia kama mtoto, kisha nikazikunja nikatia mfukoni, nikazunguka Sirisia kwa miguu, boma kwa boma, kila Jumamosi, kwa wale wakulima ambao sikuwahi kuwauliza, na kila nilipomaliza kumi nilimletea hapa, akazisoma kitandani na penseli yake, na siku sauti ilipokwisha kabisa alikuwa ananionyesha pembeni kwa kidole. Fomu ya mwisho ilikuwa ya Mama, ambaye zamani nilikuwa nimemjazia pia bila kumuuliza, nikamweleza yote, akasema, "Ati sasa ndio unakuja kuniuliza?" Tukapanda gari siku hiyo hiyo, Mama akaingia jikoni kwa Dada, akampikia uji kwa mkono wake.

Hiyo ilikuwa Jumapili tarehe 14 Septemba 2025, na Jumanne tarehe 16, saa kumi na moja asubuhi, Dada alituacha, akiwa na miaka hamsini na saba, kabla hajaisoma ile fomu ya mwisho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Eldoret, majirani wa Endebess mliokamua ng'ombe wake tukiwa hospitalini, na wenzake wa jarida waliofika leo, ambao nimewakabidhi sahihisho langu kwa maandishi. Vijitabu hatutavichoma. Andikeni tu pembeni mwa mstari wa sita kwamba alikuwa mzima, na kwamba ni mdogo wake amesema.

Dada Phelista, fomu zote sabini na tisa zina kunjo. Pumzika sasa, mama yangu wa pili, kwa amani.