Nyumba Apewe Duangta, Watoto Wachukuliwe na Wazazi Wao

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Prasong kaa chini, acha kuchungulia gari. Dereva atasubiri, mimi ndiye nisiyeweza kusubiri. Nyumba hii na shamba la mpunga nyuma yake ni vya Duangta, kwa sababu ndiye binti wa mwisho, na hapa kwetu binti wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi na kurithi paa lao. Hilo hamlibishii. Mnalolibishia ni lile msilolisema mbele yangu.

Wilai, jana nilikusikia jikoni, unatwanga pilipili huku ukimwambia mdogo wako, "Wewe huna mume wala mtoto, ukiacha hicho chuo cha uuguzi utapungukiwa nini? Mama akiondoka, kaa na hawa watoto, sisi tutatuma cha matumizi." Niliumia, mwanangu. Nimewalelea watoto wenu watano tangu wakinyonya, ninyi mkiwa viwandani Bangkok, na sikunung'unika, lakini mgongo huu uliolala hapa ndio uliolipa.

Nisikilizeni vizuri. Nilipoolewa, kijiji hiki kilijaa watu wa kufanya kazi. Nyumba moja ilikuwa na shangazi watatu, na binti aliyebaki hakubaki peke yake. Sisi tukazaa wachache, tukawasomesha, mkapata mishahara, tukaezeka bati na kununua trekta la mkono, nami nikashukuru. Ila mlipoondoka, nguvu za kijiji ziliondoka nanyi. Tazameni nje, ni vikongwe na watoto tu. Mpunga hatuupandikizi tena, tunamwaga mbegu kama anayelisha kuku, maana hakuna wa kuinama. Shule nayo imefungwa, maana watoto waliobaki hawajazi hata darasa moja. Sasa huyu mmoja mwenye nguvu, aliyekaribia kupata ujuzi, mnataka ajifungie humu awalelee watano? Na mkizeeka, Prasong, kwa watoto hawa wachache mlio nao, nani atawachoma sindano?

Usinikatize, Wilai. Najua chumba chako ni kidogo na zamu ni za usiku. Pangeni nyumba moja na kaka yako Prasong, mpokezane zamu. Mtabanana, mtagombana, lakini hao watoto watawajua wazazi wao.

Duangta, usilie. Nyumba ukitaka ifunge, ukitaka iuze, mimi sikufungi nayo. Maliza chuo kwanza. Ukirudi, urudi kwa kupenda kwako na mshahara wako mkononi.

Nipeni maji... basi, yatosha. Leteni nyuzi nyeupe za baraka niwafunge mikononi. Prasong... na wewe Wilai... roho zenu zisiwapotee njiani, mle mshibe, msichokane. Vidole vyangu havikazi fundo tena... Duangta, jifunge mwenyewe, mimi nimeshika ncha.

Nguo za watoto zimekwisha kufungwa, ziko mlangoni. Wapakieni sasa hivi. Msinizunguke hapa kunililia... nataka nisikie mlango wa gari ukifungwa, na wao wakiwa ndani.