Ludovick Teodori Bura Hakuugua kwa Muda Mfupi

Baba Paroko, wazee wangu, ndugu waombolezaji, mimi ni Mektilda, dada mkubwa wa marehemu. Kwenye karatasi mlizogawiwa mmesoma kwamba mdogo wangu "aliugua kwa muda mfupi". Maneno hayo aliyaweka baba mdogo Aniceti. Aliniambia, "Mektilda mwanangu, mambo ya sehemu za siri hayasomwi makaburini." Shikamoo tena, baba mdogo, lakini aibu hiyo ndiyo iliyotuletea jeneza hili, na mimi siifichi.

Ludovick alizaliwa tarehe 14 Agosti 1989 huko Mutuka, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Teodori na mama yetu Consolata. Alikuwa mtoto wa vicheko. Akitumwa kuchunga ndama, ndama walirudi wenyewe jioni, naye tukamkuta mtoni anatengeneza gari la mabua.

Alisoma shule ya msingi hapo Mutuka kuanzia 1997 hadi 2003, kisha sekondari ya bweni ambayo haistahili kutajwa mbele ya maiti. Akiwa kidato cha pili, mwalimu wa nidhamu alimkuta bwenini anajichua. Naam, anajichua. Msiinamishe vichwa kana kwamba nyie mlizaliwa watakatifu! Mwalimu yule alimsimamisha mstarini, akawatangazia wanafunzi wote kwamba mwenye mchezo huo huoza sehemu zake na hatazaa kamwe. Eti msomi. Vyeti vimejaa kabati, akili haijai kijiko cha chai.

Mwaka 2008 alijiunga na chuo cha ufundi, na baadaye akafungua karakana ya kuchomelea hapa Maisaka pamoja na rafiki yake Leonsi. Geti lake la kwanza alilifunga likawa linafungukia barabarani. Mwenye nyumba alipolisukuma asubuhi, akamtupa mtu na bodaboda yake mtaroni. Ludovick alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalirekebisha siku hiyohiyo.

Tarehe 6 Oktoba 2012 alifunga ndoa na Vailet, wakajaliwa Anselmi na Rosa. Alizaa, basi. Nabii wa mstarini alidanganya, ila hakuna aliyemrudia mdogo wangu kumwambia hivyo.

Mwanzoni mwa 2023 Ludovick aligusa uvimbe mgumu kwenye korodani moja. Haukuuma. Akajua moja kwa moja kwamba ndiko kuoza kule alikotabiriwa, akanyamaza. Hakumwambia mkewe, hakuniambia mimi. Alikwenda kwa Gerson, yule anayejiita dokta, wa spika sokoni: "Mwanaume uliyejichua ujanani, mishipa imelegea, njoo urudishe heshima ya nyumba!" Gerson hakumpima. Alimwambia, "Umeyataka mwenyewe, kaka. Unga huu utatoa uchafu." Zaidi ya mwaka mdogo wangu alikunywa unga huo kwenye uji, na uvimbe ukazidi kukua. Dokta! Dokta wa wapi? Juzijuzi tu alikuwa anauza sumu ya panya palepale, kwa spika hiyohiyo.

Vailet alishtuka mumewe alipoanza kukohoa damu. Novemba 2024 tukampeleka hospitali kubwa Moshi. Ilikuwa saratani ya korodani, imeshafika mapafuni. Daktari akasema, "Mngemleta ilipokuwa kama punje ya harage, tungeitoa hiyo korodani moja. Wengi wanaowahi wanapona." Hapo Ludovick, mwanaume mzima wa miaka thelathini na mitano, akauliza kwa sauti ya mtoto, "Daktari, si adhabu ya kujichua?"

"Hapana, kaka. Kujichua hakuleti saratani. Nani alikudanganya?"

Ludovick aligeukia ukutani akalia. Sitasamehe kilio kile, Baba Paroko, nitakuja kuungama baadaye.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, nyumbani kwake, kichwa kikiwa mapajani mwa Vailet.

Sasa nyie wanaume. Mkioga, jishikeni. Ndiyo, nasema mbele ya Padri: jishikeni, mjipapase taratibu, na mkikuta kitu kigumu nendeni hospitali, siyo sokoni. Mkono uleule mliotishwa nao ungemwokoa mdogo wangu. Na nyie wake zao, msicheke mume akisema. Mpelekeni.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili na sisi ndugu zake wanne. Anselmi ana miaka kumi na mmoja. Akianza kujiuliza kuhusu mwili wake, aje kwa shangazi yake, na mwalimu atakayethubutu kumsimamisha mstarini atanikuta ofisini kwake kabla kengele haijagongwa.

Mungu ampe Ludovick usingizi wa amani. Na wewe Gerson, uliyekuja na suti yako na umeshachota udongo, uweke chini. Kaburi hili, kulichimba umelichimba. Kulifukia tuachie sisi.