Mwamba Ulipofungwa, Programu Ikafutwa

Wakubwa zangu wote, shikamooni. Nitasema haraka, chai isije ikapoa.

Mnanijua: kidato cha nne, ndoto za chuo kikuu. Niliwatengenezea kina mama wanaochokoa pweza programu ya simu, ya kuwaita wanunuzi siku ya kufungua mwamba. Niliiandika kwenye kompyuta yangu kuukuu yenye mfumo huria, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea na kila mtu ruksa kuutumia na kuurekebisha. Kisha nikaipandisha mtandaoni, kwenye kompyuta za kampuni moja ya mbali. Bure! Ndugu zangu, nawaambia, nilitembea mjini kwetu Masoko kama waziri.

Sasa mnajua desturi yetu, mwamba tunaufunga miezi mitatu, marufuku kuvua, pweza wakue. Miezi hiyo nani afungue programu ya pweza? Kampuni ikaona kimya, ikadhani mwenyewe kaitelekeza, ikaifuta. Nakuja kugundua wiki ileile ya kufungua. Nakala ninayo, lakini nilikuwa nimeiunganisha na huduma za kampuni ile tu, kwangu haiwaki. Na wanunuzi wasipokuja na barafu, pweza wote wanaoza pwani. Nililia. Msinicheke.

Mwenyekiti wa kina mama akanikuta. "Mbona uso kama umefiwa?"

"Shikamoo mama. Programu imekufa."

"Marahaba. Imezikwa?"

"Bado."

"Basi acha matanga, kaulize wenzio!"

Nikaandika kwenye jukwaa la watumiaji wa mfumo ule, kwa Kiingereza cha kuokoteza. Mtu nisiyemjua akanijibu: hata kompyuta za kampuni zinaendeshwa na mfumo huohuo ulio kwako. Ondoa sehemu zinazotegemea huduma zao, itawaka. Akanielekeza hatua kwa hatua, ikawaka. Mama akanipa nafasi ya kuweka kompyuta juu ya friza la kikundi, penye umeme, iwake muda wote. "Ikiniharibia friza, naitupa baharini!"

Siku ya kufungua, gari la barafu lilifika kina mama wakiwa bado majini.

Asante mama. Asante na wewe wa mbali. Kampuni siilaumu, bila wao nisingethubutu kuanza. Ila vijana wenzangu, kazi unayoiweka kwa watu, hakikisha na kwako inawaka. Na wale wanaotupa mfumo bure nao wanachoka, tuwasaidie. Mimi nawatafsiria maelezo kwa Kiswahili, Ijumaa baada ya swala. Juzi wamepokea ukurasa wa kwanza. Kuna mwenzetu, labda huko wilayani Mtama, atakwama kama nilivyokwama, na jibu atalikuta limeandikwa kwa maneno anayoyaelewa.