Jina Langu Lodwar ni Shikamoo

Wazee wangu mlioko hapa, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Nawasikia akina kaka wa benchi la nyuma mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, kwa sababu ushuhuda wangu wa leo unatokana na neno hilohilo.

Kwa wasionijua, mimi ndiye mwanachuo anayefanya mazoezi ya kufundisha pale chekechea, hapa kambini Kakuma, yule mfupi anayeimba vibaya na watoto asubuhi. Kwetu ni Tukuyu, Tanzania. Wengi wenu kutoka Kongo na Burundi mlikuja kwa kukimbia vita; mimi nilikuja kwa kutamani, nanyi mnisamehe kwa kusema hivyo. Kidato cha nne nilimaliza na alama za kuonea haya, ila nilikuwa mtu wa kutazama ramani. Mtawa mmoja wa parokia yetu aliwahi kuishi Turkana, akanionyesha picha ya ziwa la kijani, mikoma, miti jamii ya minazi, imesimama mchangani. Alipotafuta msichana wa kwenda kusomea ualimu wa chekechea katika chuo kimoja Lodwar, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema.

Nawaambia, kwetu mvua hainyeshi, inakaa. Ukungu unaingia mpaka jikoni. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, umshushe Lodwar saa nane mchana. Nilidhani nimesimama karibu na injini ya basi, kumbe ndiyo hewa yenyewe.

Joto nililizoea. Kilichonishinda ni kukosa wa kuongea naye. Darasani ni Kiingereza, nami Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nje ya darasa wenzangu wanaongea Kiturkana, wakikichoka wanahamia Sheng. Kiswahili nilichojivunia kikawa kama nguo ya harusi sokoni. Nikisema "naomba chumvi" wananiuliza kama niko kanisani. Siku ya kwanza nilimwamkia mpishi shikamoo, meza nzima ikalala kwa kicheko. Dada mmoja akaniambia, "Hiyo neno sisi tuliiona tu kwa kitabu ya shule. Hapa sema niaje." Tangu hapo nikipita tu: Shikamoo huyo, Shikamoo huyo. Walikuwa wananitania, leo najua. Lakini mtu akiwa peke yake, hata utani mdogo unamkuta hana pa kuuweka.

Nje ya geti la chuo alikuwa anakaa mama mmoja mzee, shanga zimempanda shingoni mpaka kidevuni, anasuka vikapu vya makuti ya mkoma. Mimi nimelelewa kwamba mzee hapitwi kimya. Basi kila asubuhi nilikunja magoti kidogo nikasema, shikamoo. Naye ananitazama, anatikisa kichwa, anasema, ejok. Ndiyo salamu ya hapa, na pia ni kusema vyema. Kwangu ilitosha, kuna siku ndiyo mazungumzo pekee niliyokuwa nayo. Kisha asubuhi moja, kabla sijafungua mdomo, akapaza sauti: "Shikamoo!" Wauza chai wakacheka.

Ndugu zangu, nikasema moyoni, hata huyu. Tangu siku ile nikawa napitia geti la nyuma.

Likizo ikaja. Wenzangu wakaenda kwao, huyu Lokori, yule Namoruputh. Mimi kwetu ni nchi nyingine. Nikabaki bwenini na vitanda vitupu. Upepo ukivuma, mchanga unapenya chini ya mlango, unajilaza sakafuni kama mgeni. Mama akipiga simu namwambia huku kuzuri, nina marafiki tele. Nikikata, najiziba mdomo kwa kanga, ingawa hapakuwa na wa kunisikia. Jua lilikuwa linazama sijatumia sauti yangu tangu asubuhi. Kula nako nikaacha, si kwa kususa, nilikuwa nasahau tu. Mwisho nikakunja nguo zangu kwenye begi, nipande basi la Kitale, nisirudi tena. Yule mtawa nitamwambia nini, sikujua.

Nikiwa nafunga zipu, nikasikia ubishi getini. Askari wetu ni mtu wa Kitale, Kiturkana hajui, kwa hiyo walibishana kwa Kiswahili, yeye na yule mama wa vikapu, ambaye kumbe alikijua kidogo, cha sokoni.

"Nataka Shikamoo."

"Unamsalimia nani, mama?"

"Sisalimii mtu. Nataka Shikamoo. Msichana mfupi. Iko hapa."

"Hakuna mtu anaitwa hivyo hapa. Chuo imefungwa."

"Iko. Kila siku anapita anainama, ananiambia jina yake. Mimi nasema ejok, nimesikia. Kesho tena ananiambia. Mtu anakuambia jina yake kila siku, huyo hana mtu."

Nilikaa sakafuni, pale pale kwenye mchanga. Kumbe ile asubuhi hakunicheka. Aliniita. Alikuwa mtu wa kwanza Lodwar kuniita kwa jina, nami nikamkimbia.

Nikatoka. Akanishika mkono, akaubinya kama mtu anayepima mbuzi. "Shikamoo, ulipotelea wapi?" Akanipa maziwa kwenye kibuyu, yananukia moshi. Nikanywa huku nalia, naye akawa anamfokea askari kana kwamba ndiye aliyeninyima chakula.

Begi sikulibeba. Likizo iliyobaki nilishinda naye, nikisuka vikapu vinavyoegemea upande mmoja. Alinipeleka kwa binti yake anayeishi Eliye, penye chemchemi, nikaona maji matamu yanavyochuruzika mchangani, na mbele yake lile ziwa la kwenye picha. Ni kijani kweli. Nikampigia mama simu, na safari hii sikumdanganya. Nikamwambia nilikuwa mpweke sana, na sasa nimesimama ziwani na mtu wangu.

Kabla ya kuja huku Kakuma nilimweleza yule mama wa vikapu kwamba shikamoo ni salamu ya mkubwa, na mkubwa hujibu marahaba. Akaweka kikapu chini. Akauliza, "Marahaba ni mimi?" Nikasema, nikikuamkia mimi, ndiyo, ni wewe. Kesho yake wauza chai wote walikuwa na habari: yule msichana amempa mama jina.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule mtawa, namshukuru askari aliyefungua geti. Nawashukuru hata wenzangu; siku hizi wakiniita Shikamoo nageuka. Funzo langu ni dogo. Wewe uliyefika karibuni, anayekuita usimkimbie kabla hujajua anakuita kwa nini. Nawe mwenyeji, mgeni akiacha kupita, nenda ukamuulizie, hata kama jina lake umelikosea.

Jina la kweli la mama yule silitaji. Lakini mkifika Lodwar, mkamwona kikongwe wa vikapu nje ya geti, inameni kidogo mumwambie, shikamoo. Atawakatalia. Atawaambia Shikamoo anamjua yeye, yuko Kakuma, na atarudi.