Mboji ya Bibi Ellinor

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Asger, acha kuutengeneza huo mto, umeshakaa vizuri, keti. Na wewe Bodil, njoo upande huu nikuone uso, ingawa haya nitakayoyasema ningependa kuyasema nimegeukia ukuta. Mmekuja mkidhani baba atagawa nyumba. Nyumba mtagawana wenyewe kwa amani, ni matofali tu. Mimi nimewaita nijianike mbele yenu, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na aibu niliyo nayo, nawaambia kweli, inanitisha kuliko kifo chenyewe.

Mnajua jina nililopewa kule kwenye bustani za chama chetu cha wapanda bustani, kando ya reli ya mji wa Odense: Profesa wa Majani. Kila Oktoba miti ilipopukutisha, watu walinifuata na reki zao mabegani. Ndimi niliyewafundisha wasichome majani, wayakusanye yakiwa yamelowa, wayapitishie mashine ya kukatia nyasi, wayashindilie ndani ya wavu wa waya, wayamwagie maji yakikauka, kisha wasubiri miaka miwili mpaka yawe mboji nyeusi inayonukia msitu. Subira huvuta heri, nilikuwa nikiwaambia, kidole juu! Lakini mganga hajigangi, wanangu. Mwaka chama kilipotimiza miaka hamsini nilijigamba kwamba nitafungua lundo langu mbele ya wageni, Jumapili ya mwisho ya Septemba, na siku moja kabla yake nikaenda kulichungulia. Nilikuwa nimelifunika kwa nailoni isiyopitisha mvua, eti nalilinda. Tena yalikuwa majani ya mwaloni matupu, mazima mazima, kwa kuwa nilikuwa mvivu wa kuyakata. Yalikuwa makavu vilevile kama siku yalipoanguka. Profesa hakuwa na hata ndoo moja ya mboji.

Aliyekuwa nayo ni jirani yetu Bibi Ellinor, mjane wa Knud. Lundo lile Knud alilikusanya mwaka wake wa mwisho duniani, reki mkono mmoja, fimbo mkono mwingine, na mjane alikuwa akilitunza ili apandie maua kaburini kwa mumewe. Nililijua hilo, Ellinor mwenyewe alinieleza akinimiminia kahawa. Basi Jumamosi ile asubuhi alipokwenda mjini, nikaazima toroli, nikalimaliza lundo la Knud kwa safari nne hadi bustanini kwangu.

Toroli la Preben. Ndiyo, Bodil, Preben wako, mlikuwa mmekwisha vishana pete. Aliniambia, "Chukua tu, baba mkwe, hata usilioshe," tukacheka, maana nani pale asiyejua kwamba chombo cha kuazima hurudishwa kikiwa kimeoshwa? Safari ya nne nikasikia kengele ya baiskeli ya Ellinor, nikalisukuma toroli mpaka kibandani kwa Preben na mboji ikiwa bado imeganda ndani. Ellinor akashtaki kwamba ameibiwa, na alasiri kamati nzima ya chama ilisimama mbele ya toroli lile, nami nikiwa mjumbe.

"Toroli la nani hili?" aliuliza mwenyekiti.

"Langu," alisema Preben.

"Na mboji imeingiaje humu, imeota miguu? Iliyobaki umeiuza wapi?"

Watu wakacheka. Preben hakucheka. Aliniangalia mimi, akasema polepole, "Nilimwazima mtu. Mwenyewe atasema."

Mwenyewe hakusema. Ilipopigwa kura ya kumfukuza Preben chamani, mwenyewe aliinua mkono huu, huu uliolala hapa juu ya blanketi. Kesho yake wageni wakaisifu mboji yangu, na Ellinor akaja kuniomba ndoo moja kwa ajili ya Knud. Nikampa. Akanishukuru huku analia.

Nawe Bodil uliniuliza mezani, mkate mkononi: "Baba, Preben anasema nikuulize wewe." Nikakujibu, "Mwizi hakosi wa kumsingizia." Ukamrudishia pete yake. Miaka arobaini na mmoja leo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, mwanangu, na wewe ndiye uliyeitembea.

Ellinor amekufa, siwezi kumpigia magoti. Preben yuko hai, mjini Svendborg, ana kitalu cha miche. Mara mbili nimeendesha mpaka langoni kwake, nikasoma jina lake, nikageuza gari. Basi wosia wangu ndio huu. Bustani yangu ya chamani na kibanda chake apewe yeye; akikataa, virudi chamani, na wewe Asger usiviguse, hata kama umevipenda. Novemba wanachama watakapokutana kukusanya majani, simama mbele yao uwasomee jina langu na nililolifanya. Usiseme baba aliteleza. Sema aliiba, kisha akamtwisha mwenzake. Na mchungaji asithubutu kunisifu uaminifu.

Maji, Asger... Basi, yatosha.

Bodil, umeuondoa mkono wako. Ni haki yako, usiurudishe kwa kunihurumia. Sikuombi msamaha; nikikuomba nikiwa hivi, hutaweza kuninyima, nitakuwa nimekuibia tena. Mungu awape nyote wawili ulimi unaosema mapema. Baraka ya mwizi ina nguvu gani, sijui... sina nyingine, ipokeeni.

Bodil, namba ya simu ya Preben iko kwenye droo... Hapana. Usipige simu. Nenda. Kuna treni ya saa nane... Vaa koti, mwanangu, nje baridi. Usiningoje mimi nife... mimi nimeshakuchelewesha vya kutosha.