Mwalimu Arcade na Mlango wa Kasisi

Ndugu waombolezaji, mliokuja kumlilia na mliokuja kuhakikisha kama kweli amekufa, karibuni nyote.

Mwalimu Arcade Nzohabona alizaliwa Katumba tarehe 9 Mei 1975, kwa wazazi wakulima waliotoka Burundi mikono mitupu. Alisoma msingi hukohuko, sekondari Mpanda, ualimu Tabora. Utotoni mama alimtuma kufukuza nyani shambani. Akamkuta anawasomea hao nyani kitabu, mahindi yamekwisha.

Mwaka 2003 alianza kufundisha fasihi ya Kiingereza hapa Mpanda. Mwaka uliofuata alimwoa Emelyne. Hawakujaliwa kuzaa.

Alipenda mno riwaya moja ya Uingereza ya enzi za Malkia Viktoria. Ndani yake kasisi anamfungia mlango mtumishi mwenye mimba, nje mvua inanyesha. Aliwauliza wanafunzi: "Mlango huu ni ishara ya nini? Kasisi anamwogopa msichana, au anaogopa majirani?"

Swali la darasani tu. Lakini mwaka 2019 lilimfikia mzee wa kanisa letu, Ezekia, ambaye mwezi uleule alikuwa amemfukuza binti yake Aline, mjamzito. Akasimama kanisani akifoka: "Mwalimu ananisema mimi! Anawafundisha watoto kutukana watumishi wa Mungu!"

Arcade akamjibu, "Mzee, hiki kitabu kina miaka mia na hamsini. Wewe umeingiaje humo?"

Arcade akatengwa na kanisa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini Ezekia alijichoma mwenyewe akamwadhibu Arcade.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Kwaya aliyoiimbia miaka yote haikuja kumwona, na hilo hatujalisamehe. Aliyemwogesha na kumlisha uji ni Aline, kwa kuwa Arcade na Emelyne ndio waliomchukua wakamlea, yeye na mwanawe. Arcade alifariki hospitalini tarehe 11 Agosti 2025.

Jana Ezekia alituletea sharti: "Hilo jina la Aline litoeni kwenye wasifu. Mkilisoma, mchungaji haji." Mnaona wenyewe, mchungaji hajaja. Koleo tunazo, tutamzika.

Marehemu ameacha mke, Emelyne, dada, Médiatrice, anayesoma haya, binti, Aline, na mjukuu, Jean Bosco.

Mzee Ezekia, usiondoke kwanza. Mtoto yule aliyeshika udongo kando ya kaburi ndiye Jean Bosco. Hujawahi kumwona. Mtazame.

Lala, kaka yetu. Amani yako tutaigombania sisi.